Mwalimu Obdulia, Aliyeisubiri Sheria Kabla ya Kuolewa

Marehemu Obdulia Carrascal Velayos, shangazi yangu, alizaliwa Jumanne tarehe 16 Februari 1943 katika kijiji chetu hiki cha Valdehuertos, mkoani Soria, akiwa mtoto wa pili wa mchunga kondoo Gaudencio na mkewe Benilde. Kwa sheria ya wakati huo, mtoto hakuhesabiwa kuwa mtu mpaka awe ameishi saa ishirini na nne nje ya tumbo la mama. Babu alikaa na saa mkononi mpaka siku ya pili, ndipo akatembea kwenye theluji kwenda kumwandikisha. Shangazi aliwasimulia wanafunzi wake kila mwaka: “Siku yangu ya kwanza duniani sikuwa mtu, na maziwa nilinyonya.”

Alisoma kwa watawa mjini Soria, kisha sheria huko Zaragoza, ambako alihitimu mwaka 1966. Darasani walikuwa mia moja na kumi na wawili, wasichana wanne. Bibi alitaka awe fundi cherehani, na mpaka anakufa aliwaambia majirani kwamba binti yake anashona, ila anashona maneno.

Mwaka 1969 alikutana na Saturio Lázaro, mwoka mikate, ambaye alimchumbia baada ya miezi mitatu. Marehemu alimpenda, lakini alikataa. Siku hizo mke hakuweza kusaini mkataba wala kupokea urithi bila kibali cha mumewe.

“Mimi nitakupa vibali vyote,” Saturio alimwambia.

“Ndilo tatizo lenyewe,” akajibu. “Rudi sheria ikibadilika.”

Watu walimcheka Saturio miaka sita. Mwezi Mei 1975 alifika mlangoni kwake na unga mpaka kwenye nyusi, ameshika gazeti la serikali.

“Obdulia, imebadilika.”

“Umesoma mpaka mwisho?”

“Sijaelewa hata mstari mmoja.”

“Basi ingia, tusome wote.”

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Juni mwaka huohuo, wakajaliwa watoto wawili, Begoña na Martín.

Kwa miaka thelathini na minane marehemu alifundisha misingi ya sheria kwa vijana waliojiandaa kwa mitihani ya kazi serikalini. Matawi yote aliyafundisha kwa kuku mmoja. Kuku akiruka ukuta akala mboga za jirani, hayo ni madai. Jirani akimwiba, hiyo ni jinai. Ukiajiri mtu wa kumlisha, hiyo ni sheria ya kazi. Halmashauri ikikataza kufuga, hiyo ni ya utawala. Mwanafunzi mmoja aliuliza, “Na supu, mwalimu?” Akajibu, “Hiyo iko chini ya mume wangu.”

Mwaka 1996 aliomba kibali cha kujenga banda la kuku hapa kijijini. Miezi mitatu ikapita bila jibu, akajenga. Askari wa halmashauri akaja.

“Nani kakuruhusu, doña Obdulia?”

“Nyinyi. Mmenyamaza mpaka muda umekwisha. Kisheria mmekubali.”

Banda likabaki. Kwa bahati mbaya Saturio alikuwa anasikiliza. Wiki hiyo alimwuliza mkewe kama anaweza kununua pikipiki, hakujibiwa, akainunua. Hapo alifundishwa kwamba kimya cha ofisi na kimya cha mke ni matawi mawili tofauti.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua mwaka 2022. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Begoña na Martín walikuwa hawasemeshani kwa miaka minne, tangu walipogombana nani aliacha geti wazi mbwa akapotea. Mbwa alirudi mwenyewe siku ya pili, wao hawakurudiana. Septemba mwaka huu akiwa hospitalini alimwita mthibitishaji wa wosia, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, na watoto wote wawili.

“Theluthi moja ya mali yangu sheria imeshawagawia sawa, siwezi kuigusa,” aliwaambia. “Moja nampa baba yenu. Iliyobaki naruhusiwa kumwongezea mmoja wenu. Ataichukua atakayeanza kumwomba mwenzake msamaha.”

Wakatazamana. Kisha wakasema “Nisamehe” kwa pamoja, wakabishana nani ametangulia, na katikati ya ubishi Martín akaanza kulia, Begoña akamshika. Walitoka nje kunywa kahawa.

Jana mthibitishaji alitueleza kilichofuata. Alimwuliza, “Mwalimu, niandike hivyo?”

“Usithubutu,” marehemu akasema. “Andika sawa kwa sawa. Wao sheria hawakuisoma.”

Alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja, Begoña mkono huu na Martín mkono ule.

Ameacha mume, Saturio, kaka yake Teódulo, ambaye ni baba yangu, wajukuu watatu, na watoto wake wawili, waliokuja leo kwa gari moja.

Mungu amlaze pema, mwalimu wetu, na ampe pumziko.