Kikohozi cha Haji Sasi Katika Vichochoro vya Ghadames

Kuanzia Tripoli mpaka Kano, mtu akitaka kuijua historia ya Ghadames huambiwa aje kwangu. Hata yule farasi aliyepiga kwato mchangani ikabubujika chemchemi yetu alikuwa wa ukoo wetu, upande wa mama. Basi ni haki kabisa jarida letu kunichagua mimi nimuage Haji Sasi Dawi, mwangalizi wa mji mkongwe, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi.

Haji Sasi alianza kazi kwa kupaka kuta chokaa, akapanda hadi kukabidhiwa funguo za malango yote. Mwaka ule mvua ilipotushangaza na kuta za udongo zikaanza kulainika kama ugali wa shayiri, aliwatoa watu majumbani kwenda kuziba mapaa, hata bwana harusi mmoja na kanzu yake mpya. Mimi nilibeba peke yangu gogo la mtende ambalo ngamia wawili walilikataa. Hakuna nyumba iliyoanguka.

Lakini sifa yake kubwa ni kikohozi. Vichochoro vyetu vimefunikwa juu, adhuhuri ni giza, na mwenye adabu hukohoa akikaribia kona ili asigongane na mwenzake. Wengine tunakohoa tu. Haji hupiga kama ngoma: viwili vifupi, kimoja kirefu.

Mwaka juzi walikuja wakubwa kutoka mji mkuu kuamua kama mji wetu unastahili kukarabatiwa au uachwe ujifie. Haji alibaki langoni kuwasubiri waliochelewa, nami nikaongoza msafara. Hapa, nikawaambia, misafara ya kusini ilishusha manyoya ya mbuni. Pale wafanyabiashara wa pwani walifungua shanga na vitambaa. Walikuwa wameshika videvu kwa mshangao. Mara sauti ya Mama Zohra ikashuka kutoka juu ya paa. Huko juu ndiko njia ya wanawake, na hakuna linalowapita.

"We Mhemed! Mbona unapita chini ya nyumba yangu mara ya tatu? Umepotelewa na mbuzi?"

"Mwache, dada," akadakia jirani yake, "anamtafuta farasi wa mama yake!"

Mapaa yote yakaangua kicheko. Mkuu wa msafara akasimama.

"Bwana, kwani tumepotea?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu siku ile ilikuwa ndefu, na ya mviringo. Ndipo nikasikia: viwili vifupi, kimoja kirefu. Haji akachomoza gizani.

"Hamjapotea, mabwana. Mimi ndiye niliyemwambia awazungushe. Hivi ndivyo babu zetu walivyowazungusha majambazi wa jangwani, mpaka wakaomba maji na njia ya kutokea. Sasa ndiyo mmeujua mji."

Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Mafundi waliingia kazini kabla ya mavuno ya tende. Haji hakulitaja tena jambo lile. Mama Zohra ndiye hulitaja, kila harusi.

Haji, ahsante kwa kuta zilizosimama na kwa heshima za watu ulizozisitiri. Tunakuombea tende laini, kivuli kipana, chai yenye povu na wajukuu wasiokuchosha.

Funguo nimezipokea. Nimeshawatangazia wote kwamba mji huu naujua hata nikifumba macho. Ila wewe unajua: toka langoni hadi chemchemini sijawahi kufika bila kufuata kikohozi chako. Kwa hiyo kiangazi hiki, ukiwa umepumzika katika ubaridi wa nyumba yenu ya zamani humu mji mkongwe, ukisikia kikohozi kigeni kinapita mlangoni mara ya tatu, ni mimi.

Tafadhali, fungua.