Penieli Lutelu na Neno Alilolibadilisha

Marehemu Penieli Lutelu alizaliwa kijiji cha Savave, kisiwani Nukufetau, Tuvalu, tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Lutelu na Mama Fialua. Alisoma hapa hapa Savave, kisha sekondari ya Motufoua, na mwaka 1980 akaingia chuo cha mabaharia cha Amatuku. Baada ya hapo alikuwa fundi wa injini katika meli za mizigo mpaka alipostaafu.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na Sulia katika kanisa hili. Likizo yake ya kwanza hakupata usingizi, maana nyumba haikuwa na mngurumo wa injini. Sulia alikaa akakanyaga cherehani yake mpaka mumewe akakoroma.

Agosti 2022 daktari wa Funafuti alimweleza kwamba ana saratani ya ini, na kwamba akipelekwa hospitali ya Suva, Fiji, huenda akaongezewa miezi michache. Marehemu alikataa. Alirudi nyumbani, akawaita wanawe, akamwapisha mkewe mbele yao.

"Hata nikilia, Sulia, usinipakie kwenye boti. Nataka kufia hapa."

Binti yake, Lagi, akasema, "Baba, yaani unatuagiza tukae tukutazame tu?"

"Ndiyo, mwanangu. Mnitazame."

Januari maumivu yalizidi, na dawa alizokuwa nazo muuguzi hazikufua dafu. Marehemu alilia, akaomba boti. Sulia alimshika uso kwa mikono miwili.

"Baba Lagi, ni wewe unayesema, au ni maumivu?"

"Sijui tena tofauti. Naogopa, Sulia. Niitie boti."

Akaita. Bahari ilikuwa imechafuka, boti haikuweza kutoka Funafuti. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 18 Januari 2023, begi lake likiwa mlangoni.

Tangu jana yamesemwa mengi ukumbini, kwamba mjane alivunja kiapo. Mdogo wa marehemu, Tomasi, anayesoma wasifu huu, alikuwepo chumbani. Neno la mwisho la marehemu kwa mkewe lilikuwa, "Umenisikia. Ahsante." Anayetaka kubishana, akabishane na marehemu.

Ameacha mjane, Sulia, watoto wawili, Lagi na Etuati, wajukuu watano, na mdogo wake huyu.

Pumzika kwa amani, kaka. Huku mkeo hataguswa.