Mkono Alioutoa Kiotani: Maisha ya Dada Yetu Kupe

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kupe, alizaliwa tarehe 9 Juni 1986, binti wa pekee kati ya watoto watatu wa marehemu baba, dereva wa treni, na mama yetu, mshonaji. Jina la Kupe hakulipata kwa kumnyonya mtu. Alilipata siku ya kwanza ya chekechea, alipong'ang'ania fremu ya mlango mpaka baba na mwalimu wakambandua kidole kimoja kimoja.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akamaliza sekondari mwaka 2004. Darasani alikuwa wa wastani. Tusitie chumvi kwa sababu amelala hapa. Akili yake ilikuwa ufukweni. Alianza kwa kupanda mawe mafupi, godoro kuukuu limewekwa chini, halafu akaingia majabali yenyewe, kwa kamba. Mama alimchapa, akamnunia, akamfichia viatu. Akapanda peku.

Mwaka 2008 aliajiriwa kuosha madirisha ya maghorofa, akining'inia nje kwa kamba. Huko ndiko alikompata mume. Fundi lifti alikuwa ndani, ghorofa ya nane, anakula mkate wake, akasikia kioo kinagongwa. "Kaka, usile peke yako. Fungua!" Walifunga ndoa tarehe 3 Desemba 2011. Hawakujaliwa mtoto. Maneno ya watu aliyasikia, akayameza.

Mume alijifunza kumshikia kamba. Wao na wapandaji wenzao walikubaliana kwamba majira ya membe kutaga, upande wa kaskazini wa jabali unaachiwa ndege, watu wanapanda kusini tu. Dada ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Wenzetu wanalea hapa," alisema, "sisi tumekuja kucheza." Mwaka huu baadhi ya membe walihamia kusini. Hakuna aliyekwenda kukagua kabla ya kupanda. Kosa hilo lilikuwa la wote, na yeye akiwemo.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, alinyoosha mkono juu ya ukingo asiouona, akagusa mayai. Akautoa mkono. Akaanguka, na vyuma viwili vilivyoshikilia kamba vikang'oka mwambani. Kamba ilimpita mume viganjani ikala ngozi na nyama, naye hakuiachia. Ndiyo maana dada alifika chini akiwa hai.

Alilazwa, mgongo na mapafu vimeharibika. Siku ya pili alimwambia kaka yake mkubwa, anayewasomea hapa: "Watasema aliniachia. Hakuniachia. Mwambie mama." Alifariki Jumatano tarehe 15 Mei, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 37. Mama aliambiwa. Aligeukia ukutani.

Mama aliagiza mkwe wake asitajwe leo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hakuna hapa wa kumlaumu. Lakini mama, utusamehe, hilo tumelikataa. Tunakupenda, na tumelikataa.

Dada yetu ameacha mume, tena wa kwanza kutajwa. Ameacha mama, na kaka wawili.

Shemeji, njoo mbele. Udongo wa kwanza ni wako. Mikono yako haiwezi koleo bado. Tutalishika pamoja nawe.

Dada, lala sasa kwa amani.