Mstari Ulioishia Kwenye Kahawa

Benchi la Fundi Saa lina miguu mitatu na tofali. Limeegemea ukuta wa kibanda chake, chini ya jengo ambalo chini kuna kinyozi na juu kuna ofisi ya watu wanaotengeneza michezo ya kompyuta, na kila asubuhi huwa na watu walewale. Yupo Fundi Saa mwenyewe, ambaye hubishana huku kabana lenzi kwenye jicho moja, kwa hiyo hakuna anayejua anamtazama nani. Yupo Kinyozi, anayetoka nje kila mteja akiondoka, na siku nyingine kabla hajaondoka. Yupo Redio, mzee aliyestaafu ukarani wa posta, na jina hilo hakulipata kwa kusikiliza. Mwisho wa benchi hukaa Mama Kahawa na birika lake. Anayetoa hoja nzuri humwongezea kikombe. Anayetoa hoja ya ovyo humwongezea pia, ili aendelee.

Asubuhi hiyo binti wa juu alishuka ngazi akiwa na simu mkononi na karatasi kubwa iliyokunjwa kwapani. Wao humwita Hoja. Chuoni alikuwa mwiba wa midahalo, na kazini ni mchoraji, ila mdomo aliuhamisha wote na kuja nao. Alikaa bila kusalimia na hakuomba kahawa.

— Umefukuzwa? aliuliza Kinyozi.

— Bado.

— Basi amkia watu.

— Shikamooni.

— Marahaba, alisema Redio. Mama, mmiminie huyu. Mtu anayesema "bado" kwa sauti hiyo asiachwe na koo kavu.

Hoja aliisukuma simu chini ya paja lake, kisha akaitoa tena kuitazama.

— Wanaijaribu sasa hivi, alisema. Ramani yangu. Wachezaji wako mtandaoni tangu jana, na Bosi amekaa anawatazama. Mimi nimeshindwa kukaa mle ndani.

Kisa chenyewe wote walikijua, maana alikuwa amekisimulia hapo hapo, kwa sauti iliyowafikia hadi wateja waliokuwa na povu la sabuni shavuni. Bosi alipata wateja wa ng'ambo wanaotaka mchezo wa vita vya akili: kila mchezaji ana jeshi, anateka nchi, anakula dunia kipande kwa kipande. Walitaka ramani ya dunia inayochekesha, kama imechorwa na mtoto wa miaka sita. Wakatuma na mfano. Kwao walichora treni, maghorofa, duka la aiskrimu na mbwa aliyevaa miwani. Upande wetu walichora mti mmoja na tumbili.

Hoja alisimama kikaoni. Aliuliza kama huku kwetu bili ya umeme inalipwa na tumbili. Aliuliza ni mtoto gani huyo wa miaka sita aliyejua kwamba kwao kuna aiskrimu na kwetu hakuna mtu. Aliuliza na mengine, mpaka Bosi akashika kichwa na kusema: haya, chora yako. Ikichekesha, itaingia. Isipochekesha, tumbili anapita, na wewe itabidi utafute wanaokufaa.

Na kosa lake la pili ni kwamba alimwambia mama yake. Mama akawatangazia majirani mtaa mzima kwamba binti yake amepewa dunia aichore.

— Hebu ifungue tena tuione, alisema Fundi Saa.

Aliitandaza juu ya magoti ya wenzake wanne. Bahari ilikuwa imepakwa rangi nusu, kama mtoto aliyeitwa kwenda kuoga. Jua lilikuwa na kope. Kulikuwa na Milima ya Vyombo Visivyooshwa, Jangwa la Chaji Imekwisha, Kisiwa cha Soksi Moja Moja, na nchi ndefu nyembamba ambayo raia wake wote walikuwa wamepanga foleni bila kujua mbele kuna nini.

— Hii Nchi ya Nywele, alisema Kinyozi, mbona mfalme wake ana upara?

— Mtazame vizuri, kaka. Labda unamfahamu.

Kinyozi alijipapasa kichwa. Redio alicheka hadi akakohoa, halafu akaona samaki mkubwa kuliko meli, kavaa kofia, mapovu ya maneno yanamtoka hadi ufukweni.

— Na huyu anayeongea chini ya maji ni nani?

— Ni samaki tu, mzee.

— Kofia yake naijua, alisema Redio, akiigusa yake kichwani.

Simu ilitetemeka. Hoja aliisoma, akaisoma tena, kisha akaisoma kwa sauti kana kwamba anawasomea hukumu yake mwenyewe:

— "Usipande. Nashuka mimi. Ramani ina tatizo."

Bosi wa juu hajawahi kushuka benchini. Huwa anapita tu, akitazama saa ambayo Fundi anajua kwamba inachelewa.

— Mimi tatizo nalijua, alisema Redio, ambaye kimya humchoma. Bahari umeiweka juu. Maji yanawamwagikia walio chini. Nilikuona unachora, nikajisemea, huyu binti hawahurumii watu.

— Ingekuwa hivyo wangeshalowa jana, alisema Kinyozi. Tatizo ni rangi. Meli zinaondoka vizuri, zinafika pale rangi inapokwisha, zinakwama kwenye karatasi nyeupe. Sasa askari wako pale katikati, si majini si nchi kavu. Wana wake zao. Unadhani wake zao wamekaa kimya?

— Jua, alisema Fundi Saa.

— Jua limefanyaje?

— Lina kope. Chenye kope kinapepesa. Likipepesa mara moja, ni usiku na mchana papo hapo. Saa zote za humo ndani zimeharibika. Na zitaletwa kwangu, na mimi saa ya samaki sijawahi kufungua.

— Hapana, hapana, Redio aliinua kikombe. Nimeshaelewa. Ni tumbili. Amekata rufaa.

— Tumbili?

— Aliahidiwa nchi nzima, yeye na mti wake. Akanyang'anywa. Ana haki ya kusikilizwa. Hoja, wewe ndiye mjuzi wa midahalo, utamjibu nini tumbili?

Siku nyingine angemjibu tumbili na ukoo wake wote. Leo aliitazama ngazi. Alikuwa akimwona mama yake mlangoni, majirani wakimuuliza ile dunia imefikia wapi. Alikuwa akiuona ule mti mmoja kwenye simu za watoto wa dunia nzima, na watoto wa hapa mtaani wakiutazama, wakitafuta nyumba yao, wasiione.

— Kunywa, mwanangu, alisema Mama Kahawa. Ukifukuzwa, ufukuzwe ukiwa na kitu tumboni.

Bosi alitokeza kwenye ngazi, kompyuta imefunguliwa juu ya mkono wake kama sinia. Ni mtu mfupi, shati limechomekwa vizuri, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu aliyekesha. Aliwaangalia wote, akaona hakuna pa kukaa, akachuchumaa mbele ya Hoja.

— Hapa, alisema, akaweka kidole kwenye pembe ya ramani. Hii ni nini?

Ilikuwa ndogo, ya rangi ya kahawia. Miguu mitatu na tofali. Vichwa vinne kama viazi, na birika kubwa kuliko ile milima ya vyombo.

— Ni benchi, alisema Hoja.

— Naona ni benchi. Mpaka wake uko wapi?

Hoja aliinama. Mstari ulianzia kwenye mdomo wa birika, ukazunguka kichwa cha Kinyozi, ukashuka kwenye tofali, ukakatika. Ulibaki upenyo wa upana wa kidole.

— Siku ile ulikuwa unachorea hapa, alisema Mama Kahawa polepole. Nikakwambia kahawa inapoa. Ukaweka kalamu chini.

— Nikasahau kurudi.

— Akasahau kurudi, Bosi aliwaambia wengine, kana kwamba wao ndio baraza. Sasa sikilizeni. Kompyuta inahesabu kwamba nchi isiyofungwa mpaka haina mwenyewe. Isiyo na mwenyewe haitekwi. Ndani yake huwezi kumpiga mtu wala kupigwa. Jana mchezaji mmoja kapeleka jeshi lake pale lipumzike. Adui yake akamfuata ammalize, alipofika akashindwa. Wamekaa wanatazamana. Wakaanza kuandikiana. Akaja wa tatu kuuliza wanacheka nini. Mpaka sasa ninavyosema, majeshi yote ya dunia yako kwenye hilo benchi, na nchi nyingine zote ni tupu. Hata walinzi hawakuacha.

Kinyozi alipiga mluzi mdogo.

— Ni mstari mmoja tu, Bosi, alisema Hoja, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Kalamu ninayo. Naufunga sasa hivi.

— Nimeshaufunga mimi. Alfajiri.

— Wakapigana?

— Wakanipiga mimi. Ujumbe juu ya ujumbe. Yupo aliyeniita mvunja nyumba za watu. Nimeufungua tena.

Hoja aliinua macho. Bosi alikuwa na uso ambao hakuwahi kuuona kule juu, uso wa mtu anayejizuia asicheke kwa sababu hajui kama anaruhusiwa.

— Wanabishana kuhusu samaki, aliendelea. Kwamba kofia kaipata wapi. Wamefikia kusema ni karani mstaafu.

Redio alijiweka sawa benchini.

— Na wateja wa ng'ambo? aliuliza Hoja.

— Wawili kati yao wamo humo. Wamekaa upande wa birika. Mmoja ameuliza ni wapi pa kubonyeza ili amiminiwe.

— Na tumbili?

— Nimemfuta. Na mti wake. Inaingia ramani yako, na huo mstari uuache hivyo hivyo ulivyo. Ukiugusa nitakufukuza kweli.

Hoja alitaka kusema kitu cha maana, maana hiyo ndiyo nafasi ya kusema, lakini kilichotoka ni pumzi, ndefu, kama tairi lililokuwa limejazwa kupita kiasi. Mabega yalishuka. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa kahawa iliyokuwa imeshapoa, akaiona tamu. Akaandika kwa kidole kimoja: "Mama, dunia imepita."

— Nilisema mimi, alisema Redio.

— Ulisema maji yanamwagika.

— Nilisema kuna jambo. Na jambo limekuwepo.

— Hiyo nchi ni yangu, alisema Fundi Saa. Tofali nililileta mimi.

— Haina mwenyewe, hujasikia? Kompyuta imeshahesabu.

— Kahawa je? aliuliza Mama Kahawa. Kahawa nayo haina mwenyewe?

Walipokuwa katikati ya hilo, alikuja mama mmoja na saa ya mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyemfahamu. Alisimama kwa adabu nyuma ya Bosi, akingoja Fundi apumue, na katika kungoja akasikia yote.

— Samahanini, alisema. Nauliza tu. Kama wote wamekaa, sasa atashinda nani?

Redio alifungua mdomo. Kinyozi aligeukia mlango wake, lakini mteja hakuwepo. Fundi Saa alitoa lenzi jichoni, jambo asilolifanya hata kwa ndugu wa damu. Bosi alimtazama Hoja. Hoja, ambaye chuoni hakuwahi kuachwa na swali mezani, aliitazama ramani, akatazama ule upenyo wa kidole, akaitafuta hoja ya kwanza na hakuiona, wala ya pili. Cha ajabu hakuumia. Mama Kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa tone moja, likanyamaza.

— Saa yako ina nini, dada? aliuliza Hoja.

— Imesimama.

— Basi huna haraka.

Hoja akajibana kwa Redio, Redio akajibana kwa Kinyozi, tofali likalalamika, ikapatikana nafasi.