Pakjesavond Bila Mwaliko

Bandarini Urk, mji wa wavuvi wa Uholanzi, lipo benchi la wazee, na hakuna uongo ambao halijausikia. Alasiri hiyo ya mkesha wa Mtakatifu Nikolasi ukungu ulikuwa umezimeza mashua, na watatu walikuwa wakigombea kahawa ya mwisho. Mmoja wao, Riekelt, hakuwa na hamu ya utani. Mwanawe aliyehamia Zwolle alikuwa amepata mtoto, habari aliyoiokota kwa watu wa mnada wa samaki, maana wawili hao hawakuwa wakisemezana tangu mazishi ya mama wa kijana huyo. Jioni hiyo kila nyumba ingefungua zawadi. Alitamani kwenda kubisha hodi, lakini aliogopa kufungiwa mlango.

— Hivi hili neno pakjesavond, linataka mtu awe amealikwa? aliuliza.

— Pakjes vifurushi, avond jioni, alisema Hessel, aitwaye Profesa kwa ajili ya miwani tu. Jioni ya vifurushi. Mwaliko uko wapi hapo?

— Achana naye! alidakia Lubbert, yaani Chumvi. Pak ni suti. Zamani hukai mezani bila suti. Ndiyo maana wahenga wakasema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Inahusu nini? aliuliza Profesa.

— Suti si nguo?

— Pak ni kipigo pia, bwana, alisema Profesa. Watukutu walichapwa, wakatiwa guniani, wakasafirishwa mpaka Hispania.

— Kwa meli gani? aliuliza Chumvi.

— Ya babu yangu! Alirudi na machungwa.

Riekelt hakucheka.

— Mnanichezea. Mimi nauliza kama naweza kwenda.

Chumvi akapunguza sauti.

— Nenda, ndugu yangu. Unaweka kifurushi mlangoni, unagonga, unatimua mbio. Ndivyo tulivyofanya sote utotoni.

— Na goti hili?

— Mwenda pole hajikwai.

Riekelt akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alijisikia ana pa kwenda. Ndipo akapita Femke, binti mgeni mjini, wa duka la peremende, akiwa na kapu la herufi za chokoleti zilizobaki, zile ambazo kila mtu hupewa herufi ya kwanza ya jina lake.

— Wajomba, nafunga duka. Nani hajanunua?

— Nipe moja, ya mjukuu wangu.

— Anaitwa nani?

Riekelt akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani, akaifuta. Chumvi akawa anachungulia chupa ya kahawa, nayo ilikuwa tupu.

— Basi, mjomba, ni wa kike au wa kiume?

Hata hilo hakuna aliyemwambia Riekelt.