Ladislas Asijue Kwanza

Taksi yetu ilitoka Mbarara mchana kuelekea Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi. Mbele yangu alikaa Émérance, Mrundi muuza dagaa, ambaye alipandikizwa kifaa cha kusikia kwa upasuaji. Alikuwa akizungumza na Babra, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Makenke, aliyefahamiana naye humo humo garini.

“Zamani kilileta sauti zote pamoja,” alisema. “Injini, mbuzi, mtu, yote fujo moja. Leo ku kliniki wamebadilisha namna kinachambua sauti. Kelele inashuka, maneno inabaki. Nakusikia muzuri hata fasi hii, ndani ya gari.”

Mimi mwenye masikio mazima nilikuwa nimeinama mbele nisikose neno.

“Bwana yako atafurahi,” Babra alisema.

“Ladislas hatajua kwanza. Miaka mbili, kelele ikiwa mingi, anasema maneno yake pembeni, anajua sisikii. Nataka nimusikie wiki moja tu.”

“Hiyo ni kupeleleza, mama. Mwambie leo.”

“Wewe wa kambini ndiye unanikataza kupeleleza?”

Walibishana hadi Kashojwa. Injini ilikuwa bado inanguruma Ladislas alipokuja dirishani kupokea kapu la mkewe. Aliinamisha kichwa, akasema chini chini, “Nyumba ilikuwa baridi bila wewe.”

Émérance alimtazama, uso mkavu kabisa. “Unasema nini? Sema kwa nguvu.”

Akarudia kwa sauti, tukasikia abiria wote. Babra alifungua mdomo, kisha akaufunga.