Odell Gantry na Fomu ya Kuomba Fomu

Verlene Gantry ameombwa asome habari hizi za maisha ya marehemu Odell hapa mazishini kwa kuwa ndiye aliyemlea marehemu, ingawa alikwisha kusema kwamba mchungaji ana sauti nzuri na miwani bora kuliko yake, na hakuna aliyemsikiliza, basi wenye haraka wavumilie, maana hatasoma mbio wala hatapunguza neno.

Odell, mjukuu wake, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 hapa Kaunti ya Pruett, Alabama, akamaliza darasa la kumi na mbili mwaka 2004, akajifunza kuchomelea vyuma, akaajiriwa kiwanda cha matrela, na hakuna kazi yake iliyowahi kurudishwa. Tarehe 11 Juni 2011 alimwoa Renita, huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa binti mmoja, Keziah.

Tarehe 7 Machi 2016 alikamatwa kwa wizi wa nyaya za shaba ambazo hakuziiba, akawekwa jela ya kaunti kungoja kesi, akiwa na kisukari na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Sajenti Dwight Hasker, msimamizi wa zamu, alimnyima sindano zake za insulini. Odell alipotaka fomu ya malalamiko, Hasker alimwambia, "Kijana, jaza kwanza fomu ya kuomba fomu."

"Haya, afande, nipe hiyo."

"Zimekwisha," akasema Hasker, na wenzake wakacheka.

Odell akaandika malalamiko mara kumi na moja nyuma ya karatasi za kuagizia vitu duka la jela, yote yakatupwa eti si fomu, ila kila moja alimnakilia bibi yake kwa barua. Kidonda kikaoza, na tarehe 2 Novemba 2016 mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Alifungua kesi dhidi ya Hasker akiwa bado ndani, Januari 2017, akaachiwa Mei, mashtaka ya shaba yakafutwa bila hata samahani, na Agosti jaji akaitupa kesi yake, kwani sheria yataka mfungwa amalize kwanza ngazi zote za malalamiko ya jela ndipo aende mahakamani. Verlene, aliyeishia darasa la nne, akamuuliza wakili wa Odell, "Mwanangu, mtu atapandaje ngazi waliyoificha?" akammwagia mezani bahasha kumi na moja zenye mihuri ya posta. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliamuru Odell asikilizwe, na Oktoba 2021 Hasker akatakiwa mahakamani aoneshe hiyo fomu ya kuomba fomu.

"Haipo," akasema. "Ulikuwa utani tu."

Raia wanane waliokaa kuamua kesi hawakucheka, wakaamua Odell alipwe fidia.

Figo zilimshinda Odell, akafariki hospitalini tarehe 9 Februari 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na saba, Renita kamshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kambare na mkate wa mahindi, na mafundi wenzake waliomjengea njia ya kiti cha magurudumu. Wanaosema Hasker asamehewe, wamsamehe kwa miguu yao wenyewe.

Odell, pumzika, umechoka vya kutosha.

Na kwa walioulizia mlangoni: Hasker alivuliwa beji, na ili alipe sehemu ya fidia aliyoamriwa kuitoa mfukoni mwake, Machi 2022 aliuza mashua yake ya kuvulia, aliyokuwa akiringia kaunti nzima, ikavutwa na gari la mnunuzi kupita mbele ya nyumba ya Odell, naye Odell, akiwa anakula, akaitazama hadi ilipokata kona, kisha akaomba sahani ya pili ya chakula.